Sekunde Tisa Kabla ya Risasi

Epa ya Tindra ilikuwa imeshalipita kanisa na kibao cha mwisho cha kijiji cha Lekåsen, na nyuma yake foleni ya magari ilikuwa imefika saba. Hakuna la kufanya. Epa ni epa: gari la watu wazima lililokabwa koo lisizidi kilomita thelathini kwa saa, likabandikwa pembetatu nyekundu mgongoni, ili mtoto wa miaka kumi na tano apate cha kuendesha huku akisubiri kukua. Tindra alikuwa na miaka kumi na saba, na honi za watu alishazizoea. Leo kila honi ilimkumbusha kwamba anachelewa. Alikanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale ukabaki palepale kwenye thelathini kama umepigwa msumari.

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameifunga laptopu kwa mkanda wa gari, kama abiria.

Mzee mmoja alimpita kwenye kona, akashusha kioo. "We binti, ng'ombe wangu mgonjwa anakimbia kuliko hilo!"

"Basi kampande ng'ombe wako, mzee," alisema Tindra bila kuondoa macho barabarani.

Alikuwa anakwenda kibanda cha wawindaji, kilomita ishirini na mbili ndani ya msitu, walikokuwa babu yake Börje na mjomba wake Stellan, mahali ambapo simu haishiki. Kwa mwendo wake zilikuwa dakika arobaini na tano kama barabara haikuchimbika. Polisi wana gari la kawaida, na wao wangechukua dakika ishirini. Alichokuwa anawahi ni hiki tu: Mjomba Stellan asikie kutoka kwake, si kutoka kwa polisi, kwamba yeye Tindra ndiye aliyemtia mdomoni mwa jela.

Hakukusudia. Wenye epa wana muziki wao, na muziki huo haupikwi studio, unapikwa chumbani. Unachukua wimbo wa dansi wa wazee, au jirani anayefoka kwenye simu, au bibi anayesoma tangazo la mnada, unaikimbiza sauti mpaka iwe nyembamba, unatia biti nzito inayopiga kama nyundo ya kushindilia nguzo, halafu unarusha mtandaoni kwa jina la kubuni. Ikikubalika, wiki hiyohiyo utaisikia ikitikisa vioo kwenye uwanja wa kila kituo cha mafuta nchini. Tindra alijiita Kuni Mbichi. Rimiksi zake za mwanzo zilisikilizwa na watu mia mbili, mia tatu, nusu yao wakiwa wa Lekåsen.

Jikoni kwa Babu Börje, juu ya ubao wa dirisha, kulikuwa na redio ya mkononi ya akiba iliyokaa kwenye chaji mwaka mzima. Msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa kaskazini, ukianza, redio ile ilinasa kila neno la wawindaji walioko msituni. Tindra alikuwa amekulia chini ya dirisha lile akila uji na kusikiliza. Sauti ya babu yake, kiongozi wa msako, redioni ilikuwa kavu, ya kukwaruza, mithili ya msumeno wa injini unaokataa kuwaka, na siku nyingi alikuwa ameitamani. Kwa hiyo Jumatatu, siku ya kwanza ya msako, aliegesha simu yake ya zamani mbele ya redio, akabonyeza irekodi, akaenda shule. Aliporudi alikuta saa nne za sauti.

Nani ana muda wa kusikiliza saa nne? Watengenezaji wote wa muziki wa epa wanafanya alivyofanya yeye: wanakata kwa macho. Sauti inajichora kwenye skrini kama safu ya milima. Palipo tambarare, watu wamenyamaza, au wanakunywa kahawa. Palipo na mlima mmoja mkali uliosimama peke yake, ni risasi. Tindra aliutafuta mlima mkali, akaukata pale unapoanza, akachukua sekunde kumi na nne zilizofuata. Upande wa kushoto wa mlima kulikuwa na kichaka cha mistari michafu, mbwa wanapiga kelele, alidhani, akakitupa. Kingeharibu biti.

Ikawa hivi: risasi. Babu anauliza, "Nani kapiga?" Redio inakwaruza, kuna mtu ananong'ona kitu kisichosikika. Babu tena: "Nyamazeni wote." Hapo muziki wote unakufa, pumzi moja nzima, halafu biti inashuka. Akaiita hivyohivyo, "Nyamazeni Wote," akaandika chini yake "Jumatatu ya kwanza ya elki," akairusha Alhamisi. Ijumaa jioni ilikuwa imechezwa mara elfu sitini. Jumamosi asubuhi, laki mbili na kitu.

Saa nne na nusu asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa kwenye kituo cha mafuta akijipongeza kwa soseji na mkate, epa mbili za vijana wasiomjua zikipiga wimbo wake kwa pamoja, zikipishana nusu sekunde, Vilgot alipokuja kumgongea kioo. Vilgot walisoma naye tangu chekechea. Ni kijana mrefu asiyeharakisha chochote, na ile asubuhi alikuwa amekuja mbio.

"Kuna mtu kaifanyia rimiksi rimiksi yako," alisema.

"Si ndiyo vizuri? Maana yake nimeshakuwa maarufu."

"Acha utani, Tindra. Vaa hedfoni."

Mtu huyo wa mji wa mbali, asiye na jina kama wao wote, alikuwa ameitoa biti, akaosha mikwaruzo ya redio, akaipunguza kasi. Ule mnong'ono wa katikati ukasimama peke yake, safi kama mtu yuko chumbani. "Saba hapa. Mbwa mwitu kaanguka."

Na chini yake, maandishi: Huu ni ujangili. Nimeshawapelekea polisi.

Soseji ilibaki mkononi mwake. Kuua mbwa mwitu ni jela. Hilo hata mtoto mdogo wa Lekåsen analijua, kama anavyojua kutolamba chuma wakati wa baridi, ulimi usije ukanata. Na vituo vya msituni, pale kila mwindaji anaposimama kuvizia, vinarithiwa kama viti vya kanisani. Namba saba, kwenye mwamba juu ya kinamasi, ilikuwa ya Stellan, na kabla yake ya babu yake mzaa baba.

"Labda hawatajua saba ni nani," alisema Vilgot.

"Sauti ya Babu inajulikana mkoa mzima."

"Najua. Nilitaka tu kusema kitu."

Tindra aliifuta rimiksi palepale. Haikusaidia. Nakala zilishakuwa arobaini, hamsini, na zile epa mbili uwanjani zilikuwa bado zinapiga. Ndipo gari la polisi likaingia. Askari wawili, mwanamke na mwanamume, wakanunua kahawa, na yule mwanamke akamwuliza mhudumu, kwa upole kabisa, nyumba ya Börje Hamrin ni ipi.

"Nyumbani hakuna mtu," Tindra alinong'ona. "Wako kibandani tangu alfajiri."

"Basi watakwenda nyumbani kwanza, watagonga, watazunguka, wataangalia banda," alisema Vilgot. "Nenda."

"Kwa thelathini?"

"Ungeenda kwa miguu? Nenda bwana. Na mimi nitaona cha kufanya."

Ndivyo alivyoondoka, na ndivyo alivyokuwa sasa akikata kushoto kuingia barabara ya malori ya magogo. Foleni iliyokuwa nyuma yake ikampita kwa furaha. Alibaki peke yake na misonobari pande zote mbili, changarawe zikigonga chini ya gari, na spika mbili kubwa nyuma ya kiti zikicheza kwenye skrubu zake kila alipoangukia shimo. Spika zile alifungiwa na Mjomba Stellan. Mama yake Tindra alikuwa muuguzi upande wa pili wa mpaka, Norwei, wiki mbili huko na wiki moja nyumbani, tangu Tindra ana miaka sita. Mtu aliyemsuka nywele, vibaya, na kumpeleka shule, na kukaa naye usiku wa homa, alikuwa Stellan. Hakuwahi kuoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, ugoro chini ya mdomo na bisibisi mfukoni.

Kipo kilima kimoja kabla ya barabara kushuka kwenye kinamasi, na pale juu ndipo mahali pa mwisho pa kupata mtandao. Wawindaji husimama hapo kuwaambia wake zao kwamba watachelewa. Tindra alisimama. Simu ililia mara tatu mfululizo. Zote za Vilgot.

Wapo kwenu.

Wametoka kwenu. Jirani kawaelekeza.

Niko mbele yao barabara ya magogo. Thelathini kamili. Wanapiga honi. Hakuna pa kunipita mpaka kwenye daraja.

Kama si hofu angecheka. Lakini daraja lilikuwa si mbali, na baada yake barabara inapanuka. Alihesabu: robo saa, si zaidi. Akaifungua laptopu mapajani.

Mpango alikuwa nao tangu alipolipita kanisa. Kufuta. Lile faili la saa nne za sauti lilikuwa mle tu. Simu ya zamani alishaisafisha ili apate nafasi. Bila faili ungebaki tu mnong'ono ulioshwa na mtu asiyejulikana, na nani ataapa mahakamani kwa mnong'ono? Alilichagua faili. Kidole kikawa juu ya kitufe.

Halafu akaona haya. Alikuwa amekata kitu asichokisikiliza, na sasa anakifuta bila kukisikiliza. Akavaa hedfoni, akarudisha nyuma ya ule mlima mkali, kwenye kichaka kichafu cha mistari, akabonyeza.

Kwanza ni redio iliyofunguka bila mtu kusema, kama mkono umebana kitufe bila kujua. Pumzi za mtu anayekimbia. Matawi. Mbali kidogo, Tova, mbwa wa Stellan, anabweka ule mbweko wake wa kazi, wa kupimwa, kama mtu anayepasua kuni. Kisha mbweko ukavunjika. Sauti iliyofuata Tindra hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mbwa. Ilipanda juu na haikushuka. Na juu yake sauti ya mjomba wake, ambayo nayo hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo: "Toka! Mwachie! Mwachie, wewe, anamla! Anamla Tova!" Risasi.

"Nani kapiga?"

Aliivua hedfoni. Upepo ulikuwa unavuma kilimani na majani ya njano yalikuwa yanapita juu ya kioo. Sekunde tisa. Jumatatu jioni aliambiwa Tova kajikata kwenye waya wa uzio. Stellan alimshona mwenyewe bandani, mlango umefungwa, kwa uzi wa kuvulia samaki. Hakumpeleka kwa daktari wa mifugo, na Tindra hakuuliza kwa nini, kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kutengeneza wimbo.

Mbwa mwitu akimshika mbwa wako, unaruhusiwa kupiga. Hilo nalo kila mtu analijua. Lakini unatakiwa upige simu saa hiyohiyo na uache kila kitu kama kilivyo, na wao hawakupiga simu. Wangeulizwa kwa nini. Kwa hiyo faili lilikuwa na mambo mawili ndani yake: kwamba Stellan ndiye aliyepiga, kwa sauti yake mwenyewe, bila shaka yoyote, na kwa nini alipiga. Huwezi kutoa moja ukabaki na jingine. Labda lingemwokoa, labda lingemmaliza, na Tindra hakuwa na mtu wa kumwuliza juu ya kilima kile.

Hakufuta. Aliifunga laptopu mkanda, akashuka kilima.

Kibandani moshi ulikuwa unatoka. Babu Börje alikuwa jikoni akigeuza vipande vya nyama kwenye kikaango, mzee wa miaka sabini na moja, mgongo umenyooka, kofia ya rangi ya chungwa kichwani hata akiwa ndani. Stellan alikuwa anapangusa bunduki mezani. Tova alilala karibu na jiko, shingo imenyolewa upande mmoja.

"Umekuja na dude hilo mpaka huku?" alisema Babu bila kugeuka. "Elki wote wameshahamia Norwei kwa makelele yako. Lete sahani."

"Babu, polisi wanakuja."

Stellan aliweka kitambaa chini.

Akawaeleza. Alieleza kwa kifupi na kwa mpangilio, maana alishajieleza mwenyewe njia nzima: redio ya dirishani, simu, wimbo, watu laki mbili, mtu wa mji wa mbali, askari wawili, Vilgot mbele yao kwa thelathini. Babu aliisogeza nyama pembeni ya moto. Hakupandisha sauti.

"Ulirekodi redio ya msako."

"Ndiyo, Babu."

"Ukaitia ngoma."

"Ndiyo."

"Watu wakaicheza."

"Ndiyo, Babu."

"Kinachosemwa redioni kinabaki msituni. Hilo nilikufundisha hujajua hata kufunga viatu."

"Ulinifundisha. Sikufikiri kwamba..."

"Hapo ndipo penyewe. Hukufikiri." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo mashine. Kilichobaki kiko humo tu?"

"Humo tu."

"Basi kinaingia motoni sasa hivi."

"Msikilize Tova kwanza, Babu."

Ni Stellan aliyenyanyua kichwa. "Tova yumo?"

"Yumo, Mjomba. Ulibana kitufe bila kujua. Sekunde tisa. Yumo yeye na umo wewe, unamwambia amwachie."

Stellan aliutazama mkono wake wa kulia, kana kwamba ungemjibu.

"Hata kama yumo," alisema Babu. "Mmemsahau Sixten? Sixten alimwua mbwa mwitu, akapiga simu mwenyewe, kama mtu mwema. Mbwa wake kachanika mbele yake, damu ipo, alama zipo. Wakachukua bunduki zake zote, miaka miwili wanachunguza. Watu wakimwandikia barua za kumtukana, mke wake akiogopa kwenda dukani. Mwisho wakamwambia, samahani, huna kosa. Kosa hana na mbwa hana na nyumba kauza. Hawa watu huwapi kitu. Ukiwapa kidole wanaanza kupima mkono."

"Sixten hakuwa na rekodi, Baba," alisema Stellan.

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza siku tano."

Babu alipiga hatua mbili, akaichukua laptopu mikononi mwa Tindra, si kwa nguvu, kwa namna ile anayochukua kitu cha mtoto, akafungua mlango wa jiko kwa ncha ya buti. Joto likawapiga wote usoni.

Tindra hakulia wala hakumshika. Alisema upesi, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. "Babu, sauti ya Mjomba ni mnong'ono. Inayosikika ni yako. 'Nyamazeni wote.' Ukichoma hiyo, kitakachobaki duniani ni risasi na wewe unaamuru watu wanyamaze. Hicho ndicho nilichowapa mimi. Nilimkata Tova kwa sababu aliniharibia biti. Sasa unataka tumkate mara ya pili."

Mzee alikuwa ameishikilia ile laptopu juu ya mlango wa jiko, na plastiki ya pembeni ilikuwa imeanza kunuka.

Nje, honi. Ndefu, ya Vilgot, halafu nyingine isiyo yake. Tova alisimama kwa shida, akabweka mara moja.

Stellan aliinuka mezani. Katika miaka yote Tindra hakuwahi kumwona akimgusa baba yake. Alimshika kifundo cha mkono, akakivuta taratibu nyuma, mbali na moto, wakawa wamesimama uso kwa uso, wote warefu, wote wekundu kwa joto. Babu aliachia. Stellan akampa Tindra laptopu.

"Mimi sikuamulii, mama," alisema. "Ukiwapa, nimepiga mimi, hakuna kurudi. Ukiitupa mle ndani, sikulaumu. Lakini mimi nimechoka kumficha Tova asionwe na daktari wa mifugo."

Tindra alitoka nje.

Epa yake ilikuwa imeziba njia ya kibandani, ya Vilgot, ambayo hata baada ya daraja haikuwapisha, ilikuwa nyuma yake, na nyuma ya Vilgot gari la polisi. Askari walikuwa wameshashuka wanatembea. Vilgot alikuwa anawafuata akieleza kwamba pembetatu ya kwake ni mpya kabisa, wameiona? Yule askari mwanamke, aliyejitambulisha kwa jina la Askling, aliuliza kama Börje Hamrin yupo.

"Yupo," alisema Tindra. "Ngojeni kidogo. Naomba mngoje hapohapo."

Alichomeka waya wa spika za epa kwenye laptopu, haukuingia mara ya kwanza. Uliingia mara ya pili. Nyuma yake mlango wa kibanda ulifunguka na alijua bila kugeuka kwamba wako pale wote wawili. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kilekile cha kilimani, au kingine kilicho karibu nacho. Vyote viwili vilikuwa karibu. Akabonyeza cha kucheza.

Spika za epa hazijui kusema polepole. Pumzi za Stellan zilitoka kwenye uwazi ule kama pumzi za farasi, matawi yakavunjika, Tova akabweka mbweko wake wa kazi. Na mlangoni Tova mwenyewe akainua masikio. Halafu ile sauti nyingine. Mbwa alirudi nyuma, mkia tumboni, akajibanza chini ya benchi. Askari mwanamume alisogea hatua moja kama mtu aliyesukumwa. "Mwachie! Mwachie, wewe, anamla! Anamla Tova!" Risasi ikagonga kwenye misonobari na kurudi. Nani kapiga. Saba hapa. Mbwa mwitu kaanguka. Nyamazeni wote.

Safari hii hakuna biti iliyoshuka.

Askling alitoa daftari lakini hakuandika kitu. "Hii nzima unayo?" aliuliza.

"Saa nne. Haijaguswa."

"Rudisha pale mwanzo. Mara moja tena."

Tindra akarudisha. Ilipokwisha, askari alimtazama Stellan juu ya paa la epa. "Mzoga uko wapi?"

"Kwenye shimo la matumbo ya elki, chini ya rundo," alisema Stellan. "Nitawaonyesha. Vaeni mabuti, kuna majimaji."

"Mliufukia nani na nani?"

"Mimi," alisema Stellan.

"Mimi na yeye," alisema Babu Börje kutoka mlangoni. "Na amri ilikuwa yangu. Mmeisikia." Alivua kofia yake ya rangi ya chungwa, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, na kwa mara ya kwanza Tindra aliona jinsi alivyo mzee. Hakumtazama mjukuu wake. Nyama iliungua ndani na hakuna aliyekwenda kuitoa.

Uchunguzi ulichukua miezi minane. Mzoga ulikuwa na nywele za Tova kati ya meno, na daktari wa mifugo aliyepima makovu ya mbwa alisema yanalingana. Shitaka la ujangili likafutwa. Stellan na baba yake walihukumiwa kwa kutotoa taarifa na kuficha mzoga, wote wawili kifungo cha nje, na Stellan akanyang'anywa bunduki kwa miaka mitatu. Kituo namba saba alipewa mwalimu mmoja wa kike aliyehamia kutoka kusini, na anapiga vizuri. Stellan alikwenda msituni misimu hiyo mitatu kama mwongoza mbwa wa wenzake, bila silaha. Barua za matusi zilikuja kumi na moja, alizisoma zote.

Babu Börje alijiuzulu uongozi wa kikosi baada ya miaka ishirini na tisa. Hakusema na Tindra mpaka Pasaka, alipomwomba ampitishie viazi. Hawakulizungumza lile jambo wakati huo wala baadaye. Alifariki kwa moyo akiwa na miaka sabini na nne.

Tova aliishi miaka miwili mingine, akikataa kuingia msituni.

Vilgot hakushtakiwa kwa lolote, kwa sababu alikuwa anaendesha thelathini. Sasa ana leseni kamili na anaendesha basi la wilaya. Mtu aliyeosha ile sauti hakujulikana ni nani. Nakala za "Nyamazeni Wote" bado zipo mtandaoni, na wengi wanaozipiga hawajui ni za nini.

Tindra aliendelea kutengeneza rimiksi mpaka alipomaliza shule, akaacha. Alimfuata mama yake Norwei, akasoma ufundi wa mitambo, na sasa anaendesha mtambo wa kupakia magogo kwenye bandari ndogo huko. Hurudi Lekåsen wakati wa Krismasi na wiki ya kwanza ya elki, hukaa kwa Stellan.